Kisu kikubwa cha kukunja Ujerumani: tazama kinavyofunguka

Ukiwa Ujerumani, usianze na rula. Kifungu cha 42a cha sheria ya silaha hakiwekei visu vya kukunja kikomo cha urefu. Kikomo cha sentimita 12 kilichomo ni cha visu visivyokunjwa. Kisu cha kukunja kinachokatazwa kubebwa ni kile ambacho bapa lake hufunguliwa na kukazwa kwa mkono mmoja. Kwa hiyo epuka bapa lenye kijiti au tundu la dole gumba. Opinel namba 12, kisu cha kukunja cha Kifaransa, inafaa sana: bapa la sentimita 12, mfuo wa ukucha wa kulifungulia, pete ya kuzungusha ya kulikaza. Kama bapa limeshikwa kwa skrubu, usiilegeze; bapa likifunguka kwa kutikiswa tu kwa mkono mmoja, unajitafutia kesi. Tangu Oktoba 2024, ukienda kwenye sherehe za hadhara au ukipanda treni za masafa marefu, kiache nyumbani.