Kumpata fundi wa kioo wa karibu nawe na kumpa oda itakayomlipa

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka glasi, jagi, taa, chombo cha maua au shanga za kioo zilizotengenezwa kwa mkono hapa Afrika Mashariki, ziwe za nyumbani, za mgahawa au za duka dogo. Kinachomsaidia fundi wa kioo kuliko vyote ni oda iliyoelezwa vizuri, inayoendana na tanuri lake, inayolipwa kwa wakati na inayorudi tena. Sifa mtandaoni ni nzuri, lakini hazinunui mafuta ya tanuri.

Hatua ya 1: Jua ni kazi ya aina gani unayoitafuta

Kazi za kioo za hapa kwetu ziko za aina nne, na kila moja ina fundi wake.

Ya kwanza ni kioo cha kupuliza. Chupa chakavu huyeyushwa kwenye tanuri kwa joto linalozidi nyuzi 1,100 za Selsiasi, fundi akachota kioo kilichoyeyuka kwa bomba la chuma na kukipuliza. Tanuri za namna hii ni chache mno katika ukanda wetu. Ya pili ni chupa zilizokatwa: chupa ya bia au ya mvinyo inakatwa shingo, mdomo unasuguliwa kwa msasa, inakuwa glasi au kishikizo cha mshumaa. Ya tatu ni madirisha na taa za vipande vya kioo cha rangi vilivyoungwa kwa madini ya risasi au shaba. Ya nne ni shanga.

Kwenye shanga watu hudanganyika sana. Vishanga vidogo vya rangi vinavyotumika katika mapambo ya Kimaasai huletwa kutoka nje, vile bora hasa kutoka Jamhuri ya Cheki. Cha hapa ni mkono, mpangilio wa rangi na ujuzi wa mama aliyevitunga, na hicho ndicho unacholipia. Nazo shanga maarufu za Kazuri za mtaa wa Karen, Nairobi, zinazotengenezwa tangu 1975, ni za udongo wa kuchomwa. Ni kazi nzuri sana, ila si kioo. Ukitaka shanga za kioo kilichoyeyushwa hapa hapa, uliza waziwazi: "Kioo chenyewe kimeyeyushwa wapi?"

Hatua ya 2: Fuata chupa hadi kwa fundi

Kwa kioo cha kupuliza kuna mahali pawili pa kuanzia. Upande wa Kenya ni Kitengela, ng'ambo ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ambako Nani Croze alianzisha kazi za kioo, na mwanawe Anselm Croze akaendeleza upande wa kupuliza. Upande wa Tanzania ni Shanga, Arusha, karakana iliyoanza 2007 inayoajiri watu wenye ulemavu na kutumia chupa zilizotupwa. Baadhi ya mafundi wake ni viziwi, hivyo nenda na mchoro na vipimo kwenye karatasi. Mchoro utakufaa hata kwa fundi anayesikia.

Kwa mafundi wadogo, ambao hawana bango wala ukurasa mtandaoni, njia hizi hufanya kazi:

- Muulize mnunuzi wa chupa chakavu mtaani: ni nani huja kuchagua chupa za rangi moja, safi, zisizo na ufa? Mtu wa namna hiyo mara nyingi ni mkata chupa au mtengeneza shanga.
- Ingia kanisa lenye madirisha ya kioo cha rangi na uulize ofisini ni nani aliyeyakarabati mara ya mwisho. Mafundi wa kazi hii hujulikana na maparokia kuliko na maduka.
- Kwenye maduka ya hoteli na lodji geuza chombo, tazama lebo, uliza jina la karakana. Muuzaji akikwambia "vinatoka Arusha" bila jina, chukua picha ya alama ya chini na uendelee kuuliza.
- Maonyesho ya Sabasaba Dar es Salaam, Nanenane, yale ya SIDO (shirika la viwanda vidogo la Tanzania), na yale ya Jua Kali/Nguvu Kazi yanayozunguka nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huwakutanisha mafundi wengi. Nenda siku za katikati ya wiki. Siku ya kilele fundi hana nafasi ya kuzungumza nawe.

Hatua ya 3: Kagua kazi kabla ya kuagiza

Anza na kitako. Chombo cha kupuliza hushikwa kwa fimbo ya chuma ili mdomo umaliziwe, kisha chombo hubanduliwa kwenye fimbo hiyo. Hubaki kovu la duara, au sehemu laini palipong'arishwa. Kovu likikwaruza kidole au meza, omba lisuguliwe zaidi. Kisha tafuta mshono. Mistari miwili iliyonyooka, mmoja kila upande, pamoja na namba zilizojitokeza chini, ni alama za kalibu ya kiwandani: hiyo ni chupa iliyokatwa. Si kosa kuiuza, ila isiuzwe kwa bei ya kupulizwa.

Viputo vidogo ndani ya kioo ni vya kawaida katika kioo cha chupa. Kiputo kilicho juu kabisa ya uso, chenye ngozi nyembamba, kinakataliwa, kwa sababu kitapasuka na kuacha ukingo mkali. Vilevile kataa punje nyeupe ngumu iliyonasa ndani. Ni jiwe la tanuri au uchafu ambao haukuyeyuka, na pembeni yake ndipo ufa huanzia.

Kwa chupa iliyokatwa, pitisha ukucha kwenye mdomo, ndani na nje. Ukucha ukinasa, msasa haukutosha. Msuguo mzuri hufanywa kwa maji, kuanzia msasa namba 80 au 120, kisha 220, na kumalizia 400 au zaidi. Shikilia mdomo kwenye mwanga uone kama kuna nyufa ndogo zinazoshuka kutoka ukingoni. Ufa wa milimita 2 leo utakuwa glasi iliyogawanyika mara mbili baada ya kuoshwa kwa maji ya moto.

Jambo zito kuliko yote halionekani kwa macho matupu: kupoozwa. Kioo kilichotoka kupulizwa lazima kiingie tanuri la kupoozea, kikae karibu nyuzi 500 hadi 550, kisha kishuke polepole. Kikipoa haraka, nje huganda kabla ya ndani na mvutano hubaki umefungiwa humo. Chombo kinaweza kukaa kabatini wiki kadhaa kisha kikapasuka bila kuguswa. Muulize fundi: "Hii ilikaa muda gani kwenye tanuri la kupoozea?" Kwa glasi za kawaida jibu zuri ni "tangu jana jioni hadi asubuhi". Vyombo vyenye kitako kinene huhitaji muda mrefu zaidi.

Unaweza kupima mwenyewe. Chukua miwani ya jua yenye lenzi za polaraizi na kompyuta mpakato yenye skrini ya LCD. Fungua ukurasa mweupe, ongeza mwanga hadi mwisho, kisha zungusha miwani mkononi mwako mbele ya jicho mpaka skrini ionekane nyeusi. Weka glasi kati ya skrini na miwani. Ikibaki nyeusi, au ikionyesha ukungu hafifu kwenye kitako kinene, imepoozwa vizuri. Ukiona michirizi myeupe inayong'aa au rangi za upinde wa mvua, irudishe. Kioo cha kahawia iliyokoza ni kigumu kusoma kwa njia hii, hivyo pima cha wazi au cha kijani kutoka kundi hilo hilo la uzalishaji.

Tahadhari mbili za chakula. Rangi iliyopakwa juu ya kioo baridi hubanduka kwa ukucha, basi isiwepo ndani ya chombo wala ndani ya sentimita 2 kutoka mdomoni. Na chombo chochote kilichoungwa kwa lehemu ya risasi ni cha mapambo tu.

Hatua ya 4: Elewa bei kabla ya kufungua mdomo

Tanuri la kuyeyushia halizimwi jioni na kuwashwa asubuhi, kwa kuwa chungu chake, chenye kioo kilichoyeyuka, hupasuka likipozwa na kupashwa ovyo. Hivyo mafuta huungua usiku kucha hata pasipo oda. Halafu kuna vinavyoharibika. Chukua mfano wa hesabu: kutengeneza glasi moja kunagharimu Sh 6,000 kwa mafuta, mkono na malighafi. Fundi akipuliza 10 na 3 zikavunjika au kupinda, zile 7 zinabeba Sh 60,000, yaani karibu Sh 8,600 kila moja, bila faida hata senti. Anayemkaba fundi ashushe hadi Sh 8,000 anamfanya alipie yeye glasi za mteja.

Ukiona bei ni kubwa kwako, punguza ugumu wa kazi badala ya kupunguza malipo. Acha mkono wa jagi, acha rangi ya pili, chukua umbo analolitengeneza kila siku, au pokea zile zenye kasoro ya umbo tu kwa bei mliyokubaliana.

Hatua ya 5: Andika oda

Oda iwe kwenye karatasi moja, picha yake itumwe kwa simu. Iwe na mambo haya: mchoro wa upande, urefu, upana wa mdomo na wa kitako kwa milimita, ujazo kwa mililita ukijaza hadi sentimita 1 chini ya mdomo, rangi, idadi, tarehe, na tofauti unayoikubali. Kazi ya mkono haitoki sare. Kubali milimita 5 juu au chini kwa urefu. Anayetaka milimita 1 anataka kiwanda.

Rangi ndiyo hukwamisha oda nyingi. Chungu kimoja hubeba rangi moja kwa wakati, na kubadilisha huchukua muda. Uliza kwanza: "Sasa hivi kwenye tanuri kuna rangi gani?" Ukikubali kijani kilichomo tayari, utapata mzigo mapema, naye hatabadili chungu kwa ajili ya glasi sita. Usilazimishe kuchanganya kioo cha dirisha na cha chupa katika chombo kimoja. Vioo hivyo havitanuki kwa kiwango sawa, na pale vilipoungana huja ufa, pengine siku chache baada ya kuuzwa.

Kwa oda ya 20 na kuendelea agiza kwanza 2 za mfano, uzilipie bei kamili. Ukizikubali, moja ibaki kwa fundi kama kipimo, nyingine ibaki kwako. Agiza za akiba kwa wakati huo huo: anayehitaji 24 achukue 28, kwa maana kundi la mwezi ujao halitakuwa na kivuli kile kile cha rangi.

Hatua ya 6: Lipa kwa namna inayoendesha karakana

Nusu wakati wa kuagiza, nusu baada ya kukagua na kabla mzigo haujaondoka. Tumia pesa za simu, na mwandikiane stakabadhi yenye namba ya muamala. Wenye maduka hupenda kuchukua mali kauli, walipe vikishauzwa. Kwa kioo utaratibu huu humuumiza fundi kuliko kwa kikapu au kitenge, maana vikivunjika rafuni kwako hasara huwa yake. Kama huna njia nyingine, chukua vichache, andikeni kwamba kilichovunjika dukani kinalipwa na duka, na hesabu ifungwe kila mwisho wa mwezi.

Unapopiga picha za kuuzia, taja fundi kwa jina analolitaka yeye, na omba ruhusa kabla ya kuonyesha umbo jipya. Weka chombo mbele ya karatasi nyeupe inayopigwa na mwanga wa dirisha kutoka nyuma, na uzime flashi. Mwanga wa mbele huua rangi ya kioo.

Hatua ya 7: Funga mzigo na usafirishe

Jaza ndani ya kila chombo kwa gazeti lililokunjwa bila kubana, kisha kizungushie nje tabaka mbili za gazeti na moja ya nailoni yenye viputo. Kila kimoja kiwe na chumba chake cha kadibodi, kisimame wima. Boksi hilo liingie boksi la pili lenye nafasi ya sentimita 5 kila upande, pamoja na chini na juu. Ukitumia maranda, yashindilie, kwani safarini hutulia na kuacha pengo juu. Usitumie nyasi kavu kwa mzigo unaovuka mpaka, maana huleta maswali ya ukaguzi wa mimea. Boksi lisizidi kilo 15, ili mpakizi aweze kulishusha kwa mikono badala ya kulitupa. Litikise: likitoa mlio, lifungue uanze upya. Andika VIOO pande zote nne, na ukilipeleka kwa basi, omba nafasi ya juu ya mizigo mingine, mbali na injini.

Kwa kuvuka mpaka ndani ya Jumuiya, mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani, ikiwa bidhaa imetengenezwa katika nchi ya Jumuiya. Katika hati za forodha vyombo vya mezani vya kioo huangukia namba ya ushuru 7013, shanga za kioo 7018, na mikufu iliyokamilika 7117.

Ukipokea, fungua mbele ya shahidi na upige picha boksi kabla ya kutoa kitu. Kilichovunjika usikitupe. Tafuta mahali ufa ulipoanzia. Ukikuta alama ya nyota au kijikovu kilichomeguka, chombo kiligongwa, na kosa liko kwenye ufungaji au kwa msafirishaji. Ufa laini unaopinda kama mto, usio na alama ya kugongwa, mara nyingi ni wa kupoozwa vibaya. Mtumie fundi picha hizo siku hiyo hiyo. Kwa ufa wa namna ya pili anatakiwa akutengenezee kingine, naye atajua kuwa kundi zima la siku ile linahitaji kupimwa kabla halijauzwa.