Kigawa kumbukumbu katika C: kukijenga na kukihamishia mashine nyingine

Kigawa kumbukumbu ni sehemu ya programu inayogawa kumbukumbu kwa wanaoiomba, kama malloc ya lugha ya C. Tenga kazi mbili tangu mwanzo: kuomba kumbukumbu kwa mfumo endeshi, na kuigawa. Ya kwanza ikae ndani ya funkisheni moja tu, tuiite omba_kurasa. Zikichanganyika, kuhama mashine kutakuwa ni kuandika upya.

Kwenye Linux, omba_kurasa huita mmap, mwito wa kuomba kumbukumbu kwa mfumo, kwa MAP_PRIVATE | MAP_ANONYMOUS (kumbukumbu ya programu hii pekee, isiyotokana na faili). Omba MiB 1 (baiti 1,048,576) kwa mkupuo. Mmap ikishindwa hurudisha MAP_FAILED, si NULL (pointa tupu). Wengi hukagua NULL, programu ikaanguka mbali na chanzo chake.

Kila bloku, yaani kipande cha kumbukumbu hiyo, ianze na kichwa cha baiti 16: nane za ukubwa, nane za pointa (anwani) ya bloku huru inayofuata. Ombi, yaani n baiti, lipandishwe hadi kigawe cha 16:

n = (n + 15) & ~(size_t)15;

Kabla ya hapo, kataa n inayozidi SIZE_MAX - 31 (SIZE_MAX ni thamani kubwa kabisa ya size_t; 31 ni 15 za kupandisha na 16 za kichwa). Usipokataa, jumla hupita kikomo na kurudi kuwa ndogo: mwombaji hupewa baiti chache akidhani anazo nyingi, na hapo ndipo wadukuzi huingilia. Chukua bloku ya kwanza inayotosha. Ikate pale tu masalio yanapofika baiti 32, kichwa kikiwemo.

Orodha ya bloku huru ipange kwa anwani, ili kila bloku inayoachiwa iunganishwe na jirani anayegusana nayo, mbele na nyuma. Jaribu hivi: gawa bloku ndogo 100 zinazoenea ndani ya MiB 1, achia za namba witiri, kisha za shufwa. Orodha lazima ibaki na bloku moja ya MiB 1. Zikibaki mbili au zaidi, uunganishaji una kasoro.

Sasa kuhama. Windows hutumia VirtualAlloc badala ya mmap, na kila eneo huanzia kwenye kigawe cha KiB 64 (KiB ni baiti 1024), kwa hiyo usiombe KiB 4 mojamoja. VirtualFree, ya kurudisha kumbukumbu, kwa MEM_RELEASE hudai ukubwa uwe 0. Kwenye Mac zenye chipu za Apple ukurasa (kipimo kidogo kabisa ambacho mfumo hugawa kumbukumbu) ni baiti 16384. Uliza sysconf(_SC_PAGESIZE), usiandike 4096.

Cortex-M0, kichakato kidogo cha vifaa vidogo, ndiyo huumbua zaidi. Hakuna mfumo wa kuombwa, basi tumia safu tuli yenye _Alignas(8), inayoilazimisha ianzie kwenye anwani iliyo kigawe cha 8. Safu ya char peke yake haina dhamana hiyo. Pointa ni baiti 4, kichwa kinakuwa 8, na 15 ya kwenye fomula ya kupandisha inakuwa 7. Kusoma neno la baiti 4 kwenye anwani isiyo kigawe cha 4 huzua HardFault, hitilafu inayosimamisha programu, papo hapo. Kwenye x86-64 (chipu za Intel na AMD) kosa hilohilo hujificha hadi uwashe -O2 au -O3 (viwango vya kuboresha kasi), kompaila itoe amri ya movaps, inayodai anwani iliyo kigawe cha 16.