Namna Mwanafizikia Anavyoweza Kujijenga Katika Uandishi wa Programu za Kisayansi na Uchanganuzi wa Data

Mwanafizikia anayetaka kuhamia kazi ya kuandika programu za kisayansi au kuchanganua data mara nyingi hujiona kama mtu anayeanza upya, akishindana na watu waliosomea kompyuta tangu mwaka wa kwanza. Ukweli ni kwamba anaingia na kitu ambacho wengi wao hawakufundishwa, nacho ni mazoea ya kutoiamini namba mpaka ajue imepimwa kwa kizio gani, ina mashaka kiasi gani, na ingepaswa kuwa ngapi katika hali rahisi ambayo jibu lake linajulikana. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyageuza mazoea hayo kuwa ujuzi unaoajirika, yaani kuandika programu ambayo mtu mwingine anaweza kuiendesha wewe usipokuwepo na akayategemea majibu yake.

Kuhusu lugha ya programu, usipoteze miezi ukichagua. Anza na Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, pamoja na maktaba zake za NumPy (hesabu za safu za namba), SciPy (mbinu za kisayansi) na Matplotlib (michoro). Baadaye ongeza C++ ikiwa unaelekea fizikia ya chembe, ambako programu ya kuchanganua data iitwayo ROOT, iliyozaliwa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ndiyo inayotumika kila siku, au Fortran, ambayo IBM iliitoa mwaka 1957 na ambayo hadi leo inaendesha mifumo mingi ya kutabiri hali ya hewa. Git, mfumo wa kutunza matoleo ya programu, uanze kuutumia siku ya kwanza, hata kwa faili moja.

Kisha chukua tatizo ambalo umewahi kulitatua kwa kalamu: kitu kilichofungwa kwenye springi. Weka tungamo kuwa 1 na kigezo cha springi kuwa 1, halafu andika programu fupi kwa njia ya Euler, ambamo nafasi mpya ni nafasi ya zamani ukijumlisha kasi ya zamani mara hatua ya muda, na kasi mpya ni kasi ya zamani ukitoa nafasi ya zamani mara hatua hiyohiyo. Tumia hatua ya 0.01 na uiache programu ipige hatua 10,000. Itamaliza bila kulalamika, na ukiutazama mwanzo wa mchoro utaona wimbi linalopanda na kushuka kama inavyotarajiwa. Sasa kokotoa nishati. Kwa njia hii nishati huzidishwa kwa 1.0001 katika kila hatua, na kwa hiyo mwishoni imefikia takriban mara 2.7 ya ile uliyoanza nayo, ingawa hakuna aliyeigusa springi. Badili kitu kimoja tu: kokotoa kasi mpya kwanza, kisha utumie kasi hiyo mpya kupata nafasi. Nishati itayumba kwa takriban nusu asilimia kuizunguka thamani ya mwanzo na haitaendelea kukua, hata ukiongeza hatua hadi milioni moja.

Nimelikalia zoezi hili kwa sababu ndani yake mna kazi yote. Kompyuta haiwezi kukuonya kwamba sheria ya uhifadhi wa nishati imevunjwa. Ni wewe unayejua kwamba sheria hiyo ipo, na wajibu wako ni kuiandika ndani ya programu kama jaribio linalojiendesha lenyewe: baada ya hatua 10,000, nishati isiwe imebadilika kwa zaidi ya asilimia moja. Kila mtu atakayeigusa programu hiyo baadaye ataliendesha jaribio hilo, na siku atakapoiharibu atajulishwa papo hapo. Katika majaribio kama haya usidai usawa kamili kati ya namba zenye desimali. Mwambie Python ajumlishe 0.1 na 0.2, naye atakujibu 0.30000000000000004, kwa kuwa desimali hizo haziandikiki kikamilifu katika mfumo wa jozi, yaani wa tarakimu 0 na 1 ambao kompyuta hutumia. Weka kiwango cha tofauti unachokikubali, na uwe na sababu ya kukichagua.

Vizio navyo viandikwe waziwazi, ikiwezekana ndani ya jina la kigeu lenyewe, ili msomaji aone sekunde au milisekunde bila kukisia. Chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter, kilichotumwa na NASA kwenye sayari ya Mirihi, kilipotea mwaka 1999 kwa sababu programu moja ilitoa msukumo kwa kizio cha paundi-sekunde ilhali waliopokea namba hizo walizichukua kama nyutoni-sekunde, tofauti ya takriban mara 4.45. Kila namba, ukiitazama peke yake, ilionekana ya kawaida.

Baada ya hapo nenda kwenye data halisi. Ninaipendekeza data ya LIGO, mradi wa Marekani wa kunasa mawimbi ya uvutano, ya tarehe 14 Septemba 2015, siku ambayo mawimbi ya uvutano yalinaswa kwa mara ya kwanza, kwa kuwa iko wazi kwa kila mtu na inafundisha unyenyekevu. Pakua sekunde 32 za vipimo vya vituo viwili, Hanford na Livingston, vilivyoachana kwa takriban kilomita 3,000. Ukichora data ghafi hutaona wimbi lolote, maana kelele za masafa ya chini zimefunika kila kitu. Pima ukubwa (amplitudo) wa kelele katika kila masafa, igawe data ya masafa hayo kwa kiwango hicho, kisha bakiza masafa ya kati ya hezi 35 na 350. Hapo ndipo litajitokeza wimbi la takriban sekunde 0.2, likipanda kasi hadi mwisho, likiwa limefika Livingston takriban milisekunde 7 kabla ya Hanford.

Wengi huishia hapo, nami naona hapo ndipo kazi ya mwanafizikia inapoanza. Iendeshe programu hiyohiyo kwenye kipande kisicho na tukio lolote uone kama nayo haikuletei wimbi la kubuni. Panda wimbi bandia unalolijua ndani ya kelele na uangalie kama unalipata lilivyo. Kadiria tofauti ya muda kati ya vituo pamoja na mashaka yake, na ueleze mashaka hayo umeyapataje. Mradi mmoja uliofanywa hivi una uzito kuliko miradi kumi ya kunakili mafunzo ya mtandaoni.

Stadi hiyo ya mashaka ndiyo inayokupa nafasi hata nje ya maabara. Tuseme mwezi uliopita hitilafu za mashine zilikuwa 100 na mwezi huu ni 115, na mkutano mzima unatafuta wa kulaumiwa. Ikiwa hitilafu hizo hutokea kila moja kivyake, mashaka ya tofauti ni kipeuo cha pili cha jumla yake, 215, yaani karibu 15, sawa na ongezeko lenyewe. Kabla ya kubadili chochote, wasubiri data zaidi. Kuyasema hayo kwa upole, mbele ya watu wasiopenda kuyasikia, ni sehemu ya kazi.

Unapoomba ajira, usiwapelekee kichwa cha tasnifu yako na kutegemea kwamba watakielewa. Eleza ulichojenga, kilipokea data gani na kiasi gani, na nani mwingine alikitumia. Iweke programu hadharani ikiwa na leseni, maelezo ya kuisakinisha, majaribio yake na mfano mmoja unaofanya kazi. Ukiihifadhi pia Zenodo, hazina ambayo CERN ilishiriki kuianzisha mwaka 2013, itapata kitambulisho cha kudumu ambacho watafiti wanaweza kukitaja. Nasisitiza jambo hili kwa sababu taasisi nyingi bado huhesabu makala pekee, na watu waliozibeba tafiti nzima kwa programu zao wameondoka bila majina yao kuonekana popote. Nafasi za mhandisi wa programu za utafiti, cheo kilichoanza kupata sura nchini Uingereza mwaka 2012, zilibuniwa kuziba pengo hilo. Tafuta pia katika hospitali zenye idara za tiba ya mionzi, vituo vya hali ya hewa, kampuni za setilaiti na za uchunguzi wa miamba.

Huenda katika wiki za kwanza ukakabidhiwa programu kuukuu isiyo na maelezo, ambayo aliyeiandika ameshaondoka. Usianze kuisafisha. Iendeshe kwa data mbili au tatu zinazojulikana, yahifadhi majibu yake yote jinsi yalivyo, na uyageuze kuwa majaribio. Ndipo ubadilishe mstari wa kwanza, uyaendeshe majaribio tena, na uhifadhi toleo hilo kabla ya kuugusa mstari wa pili.