Chora korosho ya kanga kwa Inkscape: nukta nne zinatosha

Wengi wanaoanza michoro ya vekta hubofya nukta nyingi mno, na umbo likatoka lina vinundu kila mahali. Picha ya simu ni pikseli, yaani vidoti vidogo vya rangi, zilizopangwa, ukiikuza inavunjika. Vekta huhifadhi nukta chache na hesabu ya mstari unaoziunganisha, ndiyo maana mchoro uleule unakaa kwenye kadi ya biashara na kwenye bango la barabarani, safi vilevile. Tujifunze kwa korosho, lile pambo la kanga tunalolijua sote. Inkscape, programu ya kuchorea vekta, ni ya bure na inakubali Windows, Mac na Linux.

Hatua ya 1: Kuchora. Bonyeza B upate kalamu. Bofya juu, panapokaa ncha, bila kuburuta. Hapo utapata kona kali. Shuka kulia hadi mgongo unapotokeza zaidi, bofya, na kabla hujaachia buruta kuelekea chini. Vitatokea vishikio viwili, kimoja kila upande wa nukta. Nenda chini kabisa, bofya na uburute kushoto. Panda hadi tumbo linapotokeza, bofya na uburute juu. Malizia kwa kubofya ile nukta ya kwanza, umbo lijifunge.

Hatua ya 2: Kurekebisha. Halitatoka zuri mara moja, na si kosa lako. Bonyeza N upate kifaa cha kuhariri nukta. Shika mstari ulio kati ya tumbo na ncha, usukume ndani kidogo mpaka shingo ijikunje. Kisha chezea vishikio: ukikirefusha, mstari unafuata upande wake kwa muda mrefu kabla ya kukata kona, ukikifupisha, unageuka mapema. Ukitamani nukta ya tano, jaribu kwanza kuvuta kishikio. Kaa hapa hata nusu saa, maana ufundi wote uko hapa. Mikunjo hii ina jina la Pierre Bézier, mhandisi Mfaransa aliyeitumia kusanifu bodi za magari ya Renault miaka ya 1960.

Hatua ya 3: Rangi. Bofya rangi chini ya dirisha. Ukishika Shift, inabadilika ya mstari wa nje.

Hatua ya 4: Kuzungusha. Bonyeza S upate kifaa cha kuteua, bofya korosho mara ya pili, utaona msalaba mdogo katikati. Uburute hadi chini ya korosho. Bonyeza Ctrl+D kupata nakala, kisha izungushe kwa mshale uliopinda ulio kwenye kona huku umeshika Ctrl, hadi nyuzi 90. Rudia mara mbili. Korosho nne zitazunguka kitovu kimoja.

Hatua ya 5: Jina la kanga. Bonyeza T, andika kwa herufi kubwa, SUBIRA HUVUTA HERI. Kabla ya kupeleka kwa mchapaji, teua maandishi na ubonyeze Ctrl+Shift+C yawe umbo. Niliwahi kuliruka hili. Kompyuta ya mchapaji haikuwa na fonti yangu, ikaweka nyingine, na neno la mwisho likatoka nje ya fremu kwenye kitambaa kilichokwisha kuchapwa. Hifadhi faili mbili: moja yenye maandishi unayoweza kuyahariri, ubaki nayo, nyingine iliyogeuzwa, ndiyo ya kupeleka.