SOMO: Kuifanya Mazda Roadster ya zamani iwe gari ya kutanulia taratibu (uzoefu wa Tabora)

Wakuu, habari za wakati huu. Naandika mara moja ili nisiendelee kujibu swali lilelile kila nikipaki mjini: "Mkuu, hako kagari hakakuvunji mgongo?" Kalikuwa kanavunja. Siku hizi natoka Tabora mpaka Nzega paa likiwa wazi, nafika nikiwa na hamu ya kurudi.

Gari ninayoizungumzia ni ile Mazda ya siti mbili na paa la turubai iliyouzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster kuanzia 1989 mpaka 1997. Kwingine inaitwa MX-5. Injini ni 1.6, na kuanzia 1993 ikaja 1.8. Uzito hauvuki tani moja kwa zilizo nyingi, nguvu inakwenda tairi za nyuma, na kila tairi ina wishiboni mbili (mikono ya chuma inayoishikilia tairi kwenye chasisi), ya juu na ya chini. Toleo la pili la 1998 ni ndugu yake, mengi humu yanalifaa pia.

Jambo ambalo watu hawalielewi: ilipotoka kiwandani haikuwa gari ngumu. Ugumu unaokutana nao kwenye hizi za mtumba umewekwa na waliokutangulia: springi fupi, rimu kubwa, bushi (vile vipande vinavyokaa kwenye maungio ya wishiboni na chasisi) za plastiki ngumu, egzosti ya kelele. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuvua, siyo kuvalisha. Anayeanza na redio na ngozi za siti atamaliza hela na bado atashuka akishika kiuno.

Hatua ya 1: Kutu. Inua kapeti, gonga sketi za chini ya milango, hasa karibu na tairi za nyuma. Kidole kikipenya, nenda kwa fundi bati kwanza. Haya mengine yatakusubiri.

Hatua ya 2: Injini. Oili, plagi, na mkanda wa taiming kila kilomita 100,000. Kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Tanki la juu la rejeta ni plastiki nyeusi. Ukiliona limegeuka kahawia, badilisha rejeta kabla halijapasuka ukiwa katikati ya pori la Nyahua.

Hatua ya 3: Tairi. Hapa ndipo shilingi yako inaleta raha nyingi kuliko popote. Kiwandani ilivaa 185/60R14, yaani ukuta wa tairi wa milimita 111. Nyingi zinaingia nchini na 205/45R16, ukuta milimita 92, au 205/40R17, milimita 82. Ile hewa iliyopungua ndiyo inayokugonga uti wa mgongo. Rudi kwenye inchi 14. Habari njema ni kwamba nati nne za mduara wa milimita 100 na tundu la kati la 54.1 ndizo zilezile za Corolla 110 na Vitz, kwa hiyo rimu huzikosi hata hapa hapa Tabora. Hakikisha tu mdomo wa nati unaendana na kiti chake kwenye rimu. Upepo weka psi 26. Vijana wa kujaza upepo wamezoea kutia 35 kila gari. Simama hapo hapo uangalie geji.

Hatua ya 4: Springi na shokapu. Tafuta za kiwandani au shokapu mpya za kawaida. Angalia na ile mipira inayozuia shokapu isigonge mwisho. Wanaoshusha gari huikata au huitupa, ndiyo maana tuta dogo tu linapiga "gah!". Springi ifunguliwe kwa kifaa chake cha kuibana. Fundi akileta waya wa kufungia nondo, chukua gari yako uondoke. Springi ikichomoka inaua.

Usikate springi. Narudia: usikate springi.

Hatua ya 5: Bushi. Soma hii mara mbili, maana ndiyo iliyonigharimu. Bushi zangu mpya zilifungwa gari ikiwa juu ya jeki, boliti zikakazwa kabisa huku tairi zinaning'inia. Gari iliposhuka ilikaa juu kama imeshtuka, na haikupita muda mrefu mpira ukaanza kuchanika. Hela ya bushi, hela ya fundi, vyote vikaenda.

Sababu ni hii. Bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Ina bomba la chuma la ndani, bomba la nje, na mpira ulioshikana na yote mawili. Ukikaza boliti, bomba la ndani linabanwa na chasisi, haliendi popote. La nje linafuata wishiboni. Kwa hiyo kila tairi ikipanda na kushuka, mpira unajisokota, kisha unarudi mahali pale ulipokazwa. Ukiukaza tairi ikining'inia, basi gari ikisimama chini tayari mpira umesokotwa kama nguo inayokamuliwa, na utakaa hivyo usiku na mchana hata ukiwa umelala.

Namna sahihi: kabla ya kufungua chochote, chora alama ya rangi kwenye boliti za kurekebishia mkao wa tairi zilizoko wishiboni za chini, mbele na nyuma, ili gari iweze kujiendesha mpaka kwenye alaimenti. Boliti hizi hushikwa na kutu. Zipulizie dawa ya kulegezea siku moja kabla, na usimruhusu mtu azipige nyundo kichwani. Funga bushi mpya, boliti kaza kwa mkono tu. Rudisha tairi, shusha gari, isukume mbele na nyuma, ikandamize kila kona itulie. Ndipo ukaze, gari ikiwa imesimama kwa uzito wake. Gereji yenye shimo inarahisisha sana. Kama haina, pandisha tairi zote nne juu ya mbao pana na nene, weka kuni za kuzuia, handibreki juu.

Maonyo mawili. Springi zibadilishwe kwanza au siku hiyo hiyo, kwa sababu zikibadilishwa baadaye kimo kinabadilika na bushi zako zinasokotwa upya. Pili, usilale chini ya gari inayoshikiliwa na jeki pekee. Stendi ni bei ndogo.

Hatua ya 6: Alaimenti. Omba vipimo vya kiwandani, siyo vya mashindano. Tairi zilizoinamia ndani zinakula upande mmoja na zinafuata kila mfereji wa lami.

Hatua ya 7: Egzosti. Rudisha mafla ya kawaida. Ule mngurumo unaopendeza dakika kumi za kwanza, ukikaa spidi moja kwa saa nzima unakuwa maumivu ya kichwa.

Ile nondo inayounganisha vichwa vya shokapu chini ya boneti, iache. Wengi wanaing'oa wakidhani ndiyo inayoleta ugumu. Gari isiyo na paa la bati inatikisika mwili kwenye barabara mbovu, na kila kinachoukaza mwili kinaiacha springi ifanye kazi yake.

Hatua ya 8: Turubai na maji. Nyuma ya siti, kila upande, kwenye mfereji ambapo turubai linashikana na bodi, kuna tundu. Maji ya mvua yanaingia humo, yanapita kwenye bomba na kutokea chini ya gari, mbele ya tairi ya nyuma. Majani na vumbi vikiziba, maji yanafurika kwenye kapeti na sketi, na hapo ndipo kutu ya hatua ya 1 ilikotoka. Kila Oktoba, kabla mvua hazijaanza, mimina maji taratibu kila upande uone kama yanatoka chini. Yakigoma, zibua kwa kitu laini kinachopinda. Mimi natumia ule uzi mnene wa mashine ya kukatia nyasi. Chuma kinatoboa bomba. Upepo wa kompresa unalichomoa, na kulirudisha ni shughuli.

Dirisha la nyuma la plastiki lifungue zipu na kulilaza kabla ya kukunja paa, na usilifute kavu. Limwagie maji vumbi litoke kwanza.

Hatua ya 9: Upepo, siti, redio. Siti za mashindano toa, weka za kiwandani, fundi makochi abadilishe sponji. Nyuma ya vichwa weka kibao cha perspeksi (plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo) cha kuzuia upepo unaorudi shingoni. Siyo kioo cha dirisha! Redio weka utakayo.

Maswali karibuni, ila someni kwanza.

MASWALI

Mdau wa Nzega: Mkuu jumla inakuja kama shilingi ngapi hivi?

Jibu: Sijui gari yako ina nini. Ukiwa na rimu kubwa tu, unauza hizo na kununua inchi 14. Ukiwa na kutu, Mungu akusaidie. Kagua, orodhesha, ndipo uulize bei ya kitu kimoja kimoja.

Mdau wa Urambo: Somo zuri sana kaka. Mimi nataka laini lakini pia ishuke kidogo ipendeze. Nikikata koili moja tu mbele?

Jibu: Hatua ya 4, mstari wa mwisho.

Mdau wa Urambo: Nimeona, lakini hujasema sababu.

Jibu: Haya. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi, siyo laini, kwa sababu koili zilizobaki ni chache. Na shokapu inakosa nafasi ya kushuka. Umeomba laini, utapata kinyume chake.

Mdau wa Kigoma: Shikamoo kaka. Mimi ni dada niliyerithi gari kama hiyo kwa mjomba, hapa Mwanga. Nauliza, nitajuaje bushi zimekufa kabla sijafungua? Na hizo za plastiki ngumu, kama bado ni nzima, ni lazima nizitoe?

Jibu: Marahaba dada, maswali kama haya ndiyo niliyoyataka. Muweke mtu aendeshe polepole kisha akanyage breki kwa nguvu, wewe ukisikiliza: gari ikivuta upande au ukisikia "tok" chini, shuku bushi za wishiboni. Kisha iweke juu ya stendi, ingiza mtaimbo mdogo kati ya wishiboni na chasisi, sukuma taratibu. Mpira mzima unanyumbulika kidogo na kurudi. Uliokufa unaonyesha mpasuko au chuma kinacheza. Angalia kwanza za wishiboni za chini, zinabeba kazi kubwa.

Hizo za plastiki hazisokotwi kama mpira, bomba la ndani linazunguka ndani yake, kwa hiyo onyo langu la kukaza halizihusu sana. Kama hazilii na safari zako ni fupi, ziache, badilisha tairi na springi kwanza usikie tofauti. Zikianza kulia kama kitanda, zinataka grisi yake maalumu, siyo grisi ya beringi. Kwa milima yenu ya Kigoma ningeongeza: badilisha maji ya breki. Mteremko mrefu wa kushuka ziwani unayachemsha yaliyozeeka, na pedali inaingia mpaka chini.

Mdau wa Isevya: Kwa nini usinunue tu Crown ukastarehe? Unahangaika na gari ya watu wawili.

Jibu: Crown ni gari nzuri. Nunua. Haifungui paa.

Mdau wa Sikonge: Mimi nimekosa 185/60, fundi amenipa 185/65R14. Ina madhara?

Jibu: Inaingia, na inakuinua karibu milimita 9, jambo ambalo kwenye matuta yetu ni neema. Ila kipenyo kimeongezeka kama asilimia 3, kwa hiyo spidi unayoisoma ni ndogo kuliko ya kweli. Dashi ikisema 50 unakwenda karibu 52. Kijijini soma 47, mwenye tochi hatakusikiliza habari za kipenyo. Kata usukani mpaka mwisho pande zote uone kama haigusi.

Mdau wa Ipuli: Zipu ya dirisha la nyuma yangu imekuwa ngumu, naogopa kuichana. Mzee mmoja amenishauri nta ya nyuki.

Jibu: Mzee amekushauri vizuri, na nta hapa Tabora hukosi. Osha zipu kwa mswaki na maji ya sabuni, ikauke, pitisha kipande cha nta kidogo mno, fungua na kufunga, futa kinachobaki. Ukiipaka nene itanasa vumbi na utarudi palepale. Oili usiweke, inachafua turubai.

Mdau wa Ipuli: Asante mkuu. Na taa moja ya mbele, hizi zinazochomoza kutoka kwenye bodi ukiwasha, haiamki. Imelala tu, nyingine inasimama.

Jibu: Chomoa fyuzi ya taa za kuamka kwanza zisikukate vidole. Fungua boneti, kwenye mota ya taa hiyo kuna kitufe cha kuzungusha chini ya kifuniko cha mpira. Zungusha kwa mkono mpaka taa isimame, utafika nyumbani usiku huo. Kesho yake mpelekee fundi umeme. Aanze na soketi ya mota, vumbi linapenda kukaa humo, ndipo aisingizie mota yenyewe.

Mdau wa Urambo: Kaka, na za nyuma je, koili nusu?