Kabla ya kuvuta intaneti nyumbani Mwanza: ijue modemu, ijue ruta

Jirani yangu hapa Mabatini alinunua ruta mjini, akaichomeka, taa zikawaka, jina la waifai likatokea kwenye simu yake. Intaneti haikuja. Alirudi dukani mara mbili akiamini ameuziwa kibovu, kumbe ruta ilikuwa nzima. Alichokosa ni modemu, na hakuna aliyemweleza tofauti kabla hajatoa pesa. Inauma, kwa sababu ni jambo la kuelezwa kwa dakika tano.

Modemu ndiyo inayopokea mtandao kutoka nje. Mtandao huo hufika nyumbani kama mwanga ndani ya faiba (uzi mwembamba wa kioo), kama umeme kwenye waya wa shaba, au kama mawimbi kutoka mnara wa simu, na modemu huugeuza kuwa data ambayo vifaa vyako vinaielewa. Ruta kazi yake ni kugawa. Kila simu, runinga na kompyuta hupewa namba yake, mfano 192.168.1.5, na ruta huhakikisha video uliyoiomba wewe haiendi kwa mwanao chumba cha pili. Ruta bila modemu itawaunganisha ninyi kwa ninyi humo ndani, basi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua huduma yako itafika kwa njia gani, ndipo uende dukani. Ukivutiwa faiba, kampuni huleta kisanduku chake, na mara nyingi modemu na ruta zimo humo humo. Ukitegemea laini ya simu ya mkononi, tafuta ruta yenye tundu la laini (kadi ya SIM), maana modemu yake imo ndani. Igeuze uiangalie nyuma kabla hujalipa: kama ina matundu ya kebo tu, haitapokea laini hata muuzaji aape. Na kama kisanduku cha kampuni tayari kinagawa waifai, ruta ya pili mwambie fundi aiweke isambaze tu, isigawe namba upya. Zikigawa zote mbili, printa iliyo kwenye ruta moja huenda isionekane kwenye simu iliyo kwenye ruta nyingine.

Sasa mawe. Mji wetu umejengwa juu ya miamba na katikati yake, na mawimbi ya simu hayapenyi mwamba. Nyumba mbili za Igogo au Isamilo zinaweza kuachana hatua ishirini, moja ikapata mtandao safi, nyingine ikawa kivulini kwa jiwe lililosimama kati yake na mnara. Azima simu yenye laini ya kampuni unayoitaka, zunguka nayo pande zote za nyumba, pima spidi. Fanya hivyo jioni, saa mbili au saa tatu usiku, watu wengi wanapokuwa mtandaoni, maana kipimo cha saa nne asubuhi kinadanganya. Dirisha lililotoa spidi nzuri ndiko ruta itakakokaa, hata kama sebule iko upande mwingine.

Ndani ya nyumba, waifai ya gigahezi 2.4 hufika mbali na kupenya ukuta vizuri zaidi. Ya gigahezi 5 ina kasi lakini huchoka mapema. Zege, mabati, friji na tangi la maji huzuia zote mbili. Kwa vyumba vya uani, mimi naona kebo ni bora kuliko kununua ruta kubwa zaidi. Kebo ya kawaida ya mtandao hubeba data hadi mita 100.

Unapochagua kifurushi, kumbuka kampuni hutaja megabiti, wakati simu inapopakua faili mara nyingi huonyesha megabaiti. Gawa kwa 8: megabiti 20 ni megabaiti 2.5 kwa sekunde.

Umeme nao upange mapema. Ruta nyingi hutumia volti 12, na vipo vibetri vidogo vya kuzishikilia umeme ukikatika. Soma volti na ampea kwenye adapta yako, ununue kinacholingana. Kama modemu na ruta ni visanduku viwili, vyote viwili viwe kwenye betri. Watu wengi huikumbuka ruta na kuisahau modemu, kisha wanashangaa waifai ipo lakini intaneti haipo.

Radi usiifanyie mzaha. Usiku upepo wa nchi kavu hutiririka kuelekea ziwani penye joto, mawingu makubwa yanapanda, na alfajiri ngurumo zinatikisa madirisha. Faiba ni kioo, haipitishi umeme, ila adapta na nyaya za shaba hupitisha. Kuzima swichi hakutoshi. Chomoa adapta ukutani, na waya wa antena ya nje kama upo, kabla mvua haijakaribia.

Nywila iliyobandikwa chini ya ruta ibadilishe siku hiyo hiyo, ya waifai na ya kuingilia kwenye mipangilio, na uchague ulinzi wa WPA2 au WPA3. Kama una wapangaji, wafungulie mtandao wa wageni wenye nywila yake.

Jifunze pia kusoma taa. Kwenye kisanduku cha faiba, taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki. Angalia waya usiwe umechomoka au kukunjwa, kisha ipigie kampuni. Mara nyingine tatizo liko mbali kabisa: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM, yaani nyaya kubwa za intaneti zinazopita baharini, ilikatika, na sisi wa ziwani tukakwama pamoja na watu wa pwani. Kuwasha na kuzima ruta siku ile hakukusaidia kitu.

Fundi akimaliza, asiondoke kwanza. Apime spidi kwa kebo iliyochomekwa moja kwa moja kwenye kisanduku, kisha wewe upime kwa waifai kwenye chumba cha mwisho. Ya kwanza ikiwa nzuri na ya pili mbaya, kampuni haina kosa, ruta imekaa pabaya. Aihamishe wakati huo huo, ngazi yake ikiwa bado imeegemea ukuta.