Kinyama cha titi kimerudi "sio kansa", sasa hiyo ripoti unaisomaje?

Ukishaambiwa "hamna kansa" akili inazima palepale, unamshukuru Mungu, unapiga simu nyumbani, unakunja karatasi unaitia kwenye pochi, yameisha. Kwa wengi haina shida kabisa. Ila chini ya hilo "sio kansa" kuna maneno mengine, na machache kati ya hayo yanabadilisha jinsi utakavyotakiwa kujicheki miaka 10 au 20 ijayo, kwahiyo itoe hiyo karatasi tuisome.

Anza kuangalia kinyama kilichukuliwaje. Kama ni ile sindano nyembamba kama ya kuchomea dawa, hapo wamenyonya seli tu. Inatosha kusema "hii inaonekana ya kawaida" au "hii inatia shaka" lakini haioneshi seli zimejipangaje ndani ya vijia vya maziwa, na hilo la mpangilio ndo linalobeba swali la hatari ya kupata kansa baadae. Sindano nene, ile unapigwa ganzi alafu unasikia "ta!" kama stepla, inakata vinyama vidogo kadhaa na hapo mtaalamu wa patholojia (anayesoma kinyama kwenye darubini) ana kitu cha kusoma. Kwahiyo kama ulifanyiwa nyembamba tu na picha ilikuwa na wasiwasi, omba nene, usione haya. Na hii habari ya kwamba sindano au kisu kikigusa uvimbe unageuka kansa naisikia kila siku, sio kweli jamani. Watu wanakufa kwa kuikimbia biopsi (huko kuchukuliwa kinyama).

La pili, na hili naona halisemwi vya kutosha: majibu ya maabara lazima yakubaliane na picha. Kwenye ripoti ya mamogramu (eksirei ya titi) au altrasaundi kuna sehemu imeandikwa BI-RADS na namba mbele yake. Ikiwa ni 4 maana yake kuna shaka (na shaka hiyo inaweza kuwa ndogo au kubwa), ikiwa ni 5 maana yake aliyesoma picha alikuwa karibu na uhakika kwamba ni kansa. Sasa picha ikisema 5 alafu kinyama kikarudi salama, usishangilie kwanza, maana yawezekana sindano ilipita pembeni. Muulize dokta hivi hivi: "Haya majibu yanaendana na picha niliyopigwa?" Akisema hayaendani, kinyama kinachukuliwa tena au uvimbe unatolewa wote. Akisema yanaendana, ndo twende kwenye maneno yenyewe.

Tuna bahati kwamba hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1985 Dupont na Page wa kule Nashville, Marekani, waliyagawa majibu ya "sio kansa" kwenye makundi matatu, na mwaka 2005 watu wa Mayo Clinic, hospitali kubwa ya hukohuko Marekani, wakatoa hesabu ya wanawake 9,087 waliowahi kuchukuliwa kinyama kikarudi salama, wakafuatiliwa, kama nusu yao miaka 15 na zaidi. Makundi ni yaleyale mpaka leo.

Kundi la kwanza ni pale ambapo seli hazijaongezeka. Humu ndo kuna vifuko vya maji, mabadiliko ya fibrosistiki (lile titi lenye vinundu vinundu linalouma ukikaribia siku zako), na fibroadenoma ya kawaida, kale kauvimbe kanakoteleza ukikabonyeza ambako mabinti wengi wanakuwa nako. Kule Mayo theluthi mbili ya wanawake wote walikuwa kundi hili, na kama kwenye ukoo hakuna kansa ya titi ya kutisha, hatari yao haikuzidi ya mwanamke mwingine yeyote. We ukiwa hapa pumua. Pesa ya dawa za kuyeyusha uvimbe zinazouzwa Instagram kanunulie mboga.

Kundi la pili seli zimeongezeka ila zina sura ya kawaida. Utakuta haipaplasia ya kawaida, adenosisi ya kukakamaa (vitezi vya maziwa vimeongezeka na kukakamaa), papiloma (kauvimbe kadogo ndani ya kijia cha maziwa). Hatari hapa inapanda inakaribia mara mbili. Sasa "mara mbili" inatisha ukiisikia peke yake, wakati kitu kidogo ukikizidisha mara mbili bado ni kidogo. Kwa mwanamke wa miaka 40 uwezekano wa kupata kansa ya titi ndani ya miaka 10 ijayo hata huko Marekani hauvuki wawili kati ya 100, kwahiyo zidisha mwenyewe uone. Hapa hupewi dawa, unacheki tu kwa ratiba bila kuruka.

Kundi la tatu ndo lenyewe. Ripoti zetu zinaandikwa kwa Kiingereza, kwahiyo pita na kidole mstari kwa mstari ukitafuta herufi A-T-Y-P. Ukizikuta, usome na neno lililo kabla, maana wakati mwingine imeandikwa kwamba haipo, watu wanaona neno wanaanza kulia bure. Kama kweli ipo, hiyo ndo atipia, yaani seli zimeongezeka na sura imeanza kubadilika. Sio kansa. Lakini hatari ni kama mara nne, na kwa waliogundulika kabla ya miaka 45 ilikaribia mara saba. Kwa lugha ya watu: wanawake 100 wenye atipia wakifuatiliwa miaka 25, kama 30 walipata kansa, na 70 hawakupata. Na inaweza kutokea titi lolote, sio lile lililochomwa tu. Utafiti wa Mayo karibu wote ni wanawake wa kizungu, najua utauliza, ila wanawake weusi wa Detroit walipochunguzwa baadae mpangilio ulitoka uleule.

Ukiwa na atipia ya vijia vya maziwa iliyoonekana kwa sindano, kwa kawaida eneo lote linatolewa kwa upasuaji mdogo, sababu wakati mwingine kansa inakuwa imejificha pembeni ya pale sindano ilipochukua. Baada ya hapo ni mamogramu kila mwaka, au na altrasaundi kama titi ni zito (tishu zake zimebanana kwenye picha), na kupimwa kwa mkono na dokta. Alafu kuna tamoksifeni, dawa ya vidonge inayozuia homoni ya kike kwenye titi. Jaribio kubwa la Marekani la mwaka 1998 lilionesha inapunguza kansa kwa kama nusu kwa walio kwenye hatari, na wenye atipia walifaidika zaidi ya hapo. Ila ina mambo yake, joto la ghafla mwilini, damu kuganda, na ukishavuka miaka 50 kansa ya mji wa mimba inaongezeka kidogo, na hairuhusiwi kabisa ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto. Hayo ni mazungumzo na bingwa, sio na muuza duka la dawa. Kwa Tanzania nenda hospitali ya Ocean Road (Dar), KCMC (Moshi) au Bugando (Mwanza).

Kundi lolote ulilopo, kinundu kipya, chuchu kuingia ndani, damu kutoka kwenye chuchu au ngozi kuvutika, unarudi hospitali hata kama majibu ya juzi yalikuwa mazuri.

Na ripoti ipige picha, ujitumie WhatsApp mwenyewe, karatasi halisi weka na vyeti vyako vya shule. Kinyama chenyewe maabara hawatupi, kinabaki kwenye kipande cha nta, kwahiyo ukitaka mtaalamu mwingine akisome upya omba hicho kipande na vioo vyake (vile vya kusomea kwenye darubini), taja namba ya sampuli iliyo juu ya ripoti.